Sauti Isiyorudia

Kuze, Mombasa
4 Agosti 2024

Mpwa wangu Maisara,

Salamu zangu zikufikie huko Nairobi kwenye baridi, na usishangae kupata karatasi na wino katika zama hizi. Simu ninayo, tena nzuri kuliko ya mkubwa wangu wa kazi. Lakini tangu uliponieleza kwamba huyo Zuhura mliyemtia ndani ya simu husikiliza ndipo apate kujibu, nimeona mambo ya nyumba yetu heri yaende kwa basi. Kondakta akiifungua barua hii hatatoka na kitu, kwa mwandiko huu wa darasa la sita. Na hilo la sita lenyewe, mwalimu ndiye aliyeondoka kwanza. Mimi nimefika Karachi na Marseille, nimeona wapelelezi wa kila namna, sijapata kuona watu wanaomnunulia mpelelezi chaja.

Mamako hajambo. Yumo katika eda yake, chumba cha nyuma, haonani na mwanamume ila mimi nduguye, na wanawake wanaokuja kumjulia hali. Bado amekukasirikia, sitakuficha. Anasema binti wa pekee hatoki nyumba ya msiba kabla ya arobaini ya babake kwa sababu ya kazi ya kompyuta. Nikimwambia umepiga simu, anapunga mkono hivi, kama anafukuza kuku. Ninyi wawili vichwa vyenu vimetoka tanuri moja, na mimi katikati ni nyama ya sambusa.

Sasa la Zuhura. Ulimweka pale kitandani amkumbushe mamako sindano ya sukari, kwa sababu tangu marehemu Athmani atutoke, dada yangu akili yake imekuwa inatoka kidogo na kurudi. Wazo zuri. Lakini nikipita kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, nasikia haya. Zuhura anasema, kwa adabu zake zote, "Mama, ni wakati wa sindano." Mamako anajibu, "Ngoja kwanza." Yule anasema, "Samahani Mama, ni wakati wa sindano." Mamako: "Nimesema ngoja." Mpaka aombwe mara ya tatu ndipo anyanyuke, taratibu, kama bibi harusi anayeletewa chakula na mawifi.

Shida ni sauti ya kike, mwanangu. Nani anamtii? Kule kazini Ngomeni, Kahindi, askari wa lango, amemposa kwenye simu yake. Wallahi. Alimuuliza kama ameolewa, Zuhura akasema samahani sijakuelewa, Kahindi akasema hata mke wa kwanza alianza vivyo hivyo. Tieni mwanamume, mtu mwenye sauti ya nahodha wa meli. Kama hamna, mimi nipo.

Mjomba wako,
Jaffar, mwongoza wageni wa kwanza Ngome ya Yesu (wenzangu wakikwambia wa kwanza ni wao, waulize kwa Kitaliano)


Nairobi
12 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kazini, nikacheka, wenzangu wakageuka kunitazama. Kisha nikafika pale pa kuku, nikaikunja.

Kazi yangu hasa hujawahi kuielewa, na mimi sijawahi kukueleza sawasawa. Kazi yangu ni kusikiliza. Kila asubuhi ninavaa visikizi, naletewa maneno ambayo watu wamemwambia Zuhura, ili tujue wapi hakuwaelewa. Umenisimulia posa ya Kahindi kama kichekesho. Kahindi ni mwungwana, Mjomba. Kuna wanaomwambia avue nguo. Mtandao ukikatika wanamwita mjinga, malaya, mbwa. Naye tumemfundisha aombe samahani. Nilipouliza kwa nini, Arnold, mkubwa wetu, akanijibu kwamba mwanamke mpole ndiye anayeaminika kwa mapishi na kuamsha watu. Kwa mambo ya benki waliweka mwanamume tangu mwanzo. Nikauliza nani aliyeamua. Akasema watumiaji wenyewe.

Sasa wanataka maoni ya wazee wa pwani: katika mambo ya dawa, wangeiamini sauti ipi? Nimekutaja wewe kwa sababu kila mtu unamjua. Lakini nakuomba sana, usiishie barazani. Uingie mpaka jikoni, uwaulize wanawake wenyewe. Na Mama umuulize.

Na hilo lingine: hajasema kitu kuhusu ile sauti? Kwamba inafanana na ya mtu fulani?

Mpwa wako,
Maisara


Kuze
25 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Kazi yako nimeifanya kama balozi. Jioni tatu nimekaa barazani kwa Mzamil, kahawa mkononi, nikiuliza mmoja mmoja, na Mzamil aliyekuwa karani bandarini anasahihisha maswali yangu. Kauli ni moja. Dawa ni jambo zito, linataka sauti nzito. Mzee mmoja alisema sauti ya Zuhura humfanya atake chai, haimfanyi atake dawa.

Wanawake nao nimewauliza, usiniharakishe. Nimewauliza kwa mlango wa adabu, yaani kupitia waume zao. Mimi nikabishe hodi jikoni kwa mke wa mtu nimuulize sauti gani inamridhisha alfajiri? Unataka kunizika? Waume wamejibu wote bila hata kuinuka kwenda kuuliza, ujue hapo jinsi wanavyowajua wake zao.

Mamako sikumsumbua. Jibu lake nimelitoa mimi: mtu anayemlazimisha Zuhura aseme mara tatu, maoni yake si yako wazi? Na kuhusu kufanana na mtu, hajasema lolote. Akisikia Zuhura anaanza, hunyamaza tu na kuinamisha kichwa, kama mtu anayevumilia.

Sasa waandikie wakubwa wako ushauri huu, waambie umetoka kwa mtu aliyepigiwa kelele na manahodha wa mataifa matano. Mwanamume harudii. Anasema mara moja, basi. Samahani haimo. Wala hasubiri kujibiwa, maana anayesubiri jibu ameshafungua mlango wa mabishano. Zuhura kosa lake ni kurudia. Ukirudia, watu wanajua kuna mara nyingine inakuja.

Mjomba,
Jaffar


Nairobi
6 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Nilijua hukufika jikoni. Nilijua tangu mstari wa kwanza, na maoni yako nimeyapeleka hivyohivyo. Arnold amefurahi. Kuanzia katikati ya mwezi huu, kila simu yenye kumbusho la dawa itasema kwa sauti ya kiume. Jina lake Faraji. Anasema mara moja, hasubiri jibu. Hicho kipande wamekipenda kuliko vyote.

Utauliza kwa nini nimepeleka kitu ninachojua ni nusu. Nimechoka, Mjomba. Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote.

Sauti ya Zuhura ni yangu. Mwaka juzi nilifungiwa wiki nyingi kwenye chumba kilichozibwa magodoro, nikasoma maneno na namba na majina ya dawa. Wakaipandisha kidogo, wakaitoa ukali, nikatia sahihi. Nilijiona nimepata heshima. Sasa kila tusi ninaloletewa asubuhi limepita kwenye koo langu kabla ya kufika masikioni mwangu. Kahindi alinichumbia mimi.

Na yule anayeambiwa "ngoja kwanza" kila alfajiri, akafokewa kama kijakazi, ni mimi pia. Simu zangu hapokei, na hata akinisikia bila kujua kuwa ni mimi, hanitaki. Acha aje mtu atakayemtii. Nataka apone tu.

Usimwambie. Atasema nimekodisha sauti yangu kwa watu wasionijua, na atakuwa amesema kweli.

Maisara


Kuze
4 Oktoba 2024

Mwanangu,

Siri yako nimeitia kifuani na kufuli juu. Kahindi nimemwambia mchumba amehama, amenuna mpaka leo, hata wageni hawapekui mikoba.

Usilie. Hukumkodisha mtu. Mimi sauti yangu nimewauzia Wajerumani miaka ishirini, nikiwaelezea mizinga ambayo mingine sijui ilipigwa au haikupigwa, na bado ni yangu.

Ama Faraji, mwanangu, huyo ni mwanamume. Siku ya kwanza nilikuwapo. Akasema, "Mwanakuu. Wakati wa sindano." Mara moja, kavu, kama hakimu. Mamako hakusema ngoja. Alivuta ushungi akajifunika kichwa, akageukia ukutani. Nikajisemea, tazama heshima hiyo. Miaka sitini sijapata kumwona dada yangu akinyamazishwa na mtu, hata marehemu Athmani hakuiweza.

Tangu hapo nyumba kimya. Na mimi nimepumzika, alfajiri sipiti tena, naenda moja kwa moja Ngomeni, maana wageni wa Kitaliano wameanza kuja na wanapenda asubuhi kabla ya jua. Ikiwa mwenzangu mwanamume yupo pale anasimamia, nikasimamie nini? Jioni nasimama mlangoni namuuliza, Faraji amesema? Ananijibu, amesema. Basi, narudi zangu barazani. Mzamil anasema tungekuwa na Faraji bandarini, meli zisingechelewa.

Amepungua kidogo mwili, lakini hiyo ni eda na huzuni. Maji anakunywa sana, nikaona ni joto.

Jaffar


Nairobi
9 Oktoba 2024

Mjomba,

Ofisini wametuonyesha picha ya michirizi ya takwimu: wazee wa pwani hawabishani tena na kumbusho. Arnold ametoa Mombasa kama mfano mbele ya watu wote, na mimi nikapigiwa makofi. Nilisimama nikainama kidogo.

Nafurahi kwa Mama. Lakini sikufichi hili. Mtu asiye na mama wala baba, aliyetengenezwa wiki mbili, ametiiwa siku ya kwanza. Mimi nimembembeleza miezi.

Hilo la maji umwambie daktari. Sijui. Labda ni joto kweli. Eda ikiisha nitakuja, nimpikie mkate wa mofa, tuanze upya kama atanifungulia mlango.

Maisara


Kuze
21 Oktoba 2024

Maisara,

Kwa simu nimekuambia ameanguka na yuko hospitali, njoo. Yaliyobaki mdomo umekataa. Barua hii namwachia Fadhiya jirani, akupe ukishuka, uisome kabla hujanitazama usoni.

Fadhiya ndiye aliyemkuta, ameleta uji, akamwona yuko chini kati ya kitanda na kasha, macho wazi, hamtambui. Daktari ni binti mdogo kuliko wewe. Amesema sukari imepanda kwa wiki nyingi, na mguu wa kushoto kuna kidonda hakikuonwa na mtu. Nikamwambia haiwezekani, kwake kuna mtu wa kumkumbusha, tena mwanamume. Akanitazama. Nikasikia mwenyewe nilivyosema.

Nikarudi nyumbani kuitafuta simu nikamwonyeshe daktari. Kitandani haipo. Nimeikuta ndani ya kasha, chini ya kanzu za marehemu, imefungwa kwa kanga mara tatu na kupigwa fundo. Imeshakufa moto.

Fadhiya alijua. Hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na mimi nilipokuwa nakusanya maoni nilimuuliza mumewe. Anasema tangu siku ya kwanza mamako alisema yeye yumo edani, mwanamume asiye wake ataingiaje chumbani alfajiri, yeye kichwa wazi, amwite kwa jina kavu? Fadhiya akamwambia ni mashine tu, Bi Mwanakuu. Akajibu mashine gani yenye koo. Fadhiya akaenda mpaka kwa mwalimu wa madrasa kumuulizia, mwalimu akasema hapana ubaya wowote. Mamako akasema mwalimu halali chumba hiki. Akaifunga. Na mimi nikiuliza jioni kama Faraji amesema, ananijibu amesema, kwa sababu ndani ya kasha alikuwa anasema kweli, mpaka chaji ilipokwisha. Baadaye nadhani alijibu ili niondoke.

Ule ushungi niliouona, nikakusifia. Ulikuwa ni wa kujisitiri na mgeni.

Lakini si hilo lililonishinda kutamka. Ni hili. Mamako alijua kuwa Zuhura ni wewe. Tangu siku ya kwanza. Fadhiya alimwambia mbona yule anafanana na Maisara, akamjibu, "Hafanani, ndiye." Basi Fadhiya akamuuliza kwa nini anamsumbua mtoto, anamsemesha mara tatu kila siku. Mamako akasema:

"Nikimtii mara ya kwanza, atanyamaza."

Simu zako hakupokea kwa kuwa amekwisha kusema hapokei, na wewe unamjua. Lakini alfajiri na jioni alikuwa anakupata mara tatu tatu bila kulivunja neno lake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nasikiliza kwa masikio haya, nikaona mtu anavumilia.

Mrudishe Zuhura, mwanangu. Mwambie huyo Arnold kuwa balozi wenu wa pwani ni mpumbavu, wala hakuuliza mwanamke hata mmoja. Mwambie nitakuja mwenyewe, nitasema kwa lugha yoyote anayotaka. Mrudishe mumweke pale kitandani hospitali.

Jaffar


Hospitali, wodi ya wanawake
24 Oktoba 2024, asubuhi

Mjomba,

Wamesema wanaume mpaka saa ya kutazama wagonjwa, na najua uko langoni unagombana. Karatasi hii anakuletea mama wa usafi.

Nilimpigia Arnold nikiwa njiani, kabla hata ya kupata barua yako, maana kuanguka kwake kulinionyesha Faraji hakusaidia, kumwambia nahitaji ile sauti ya zamani kwenye simu moja tu. Usiku nikampigia tena baada ya kuisoma. Amesema Zuhura wa dawa ameondolewa kwenye simu zote kwa pamoja, hawawezi kumrudisha kwa mtu mmoja. Zile rekodi ni mali ya kampuni, hata mimi siruhusiwi kuwa nazo. Nikamweleza ya barazani. Akasema takwimu za pwani ni nzuri sana. Aliniomba samahani kila mara, kwa upole uleule tuliomfundisha Zuhura, na nikajua hakuna kitakachofanyika.

Nikajiambia, rekodi ya nini? Koo lenyewe limefika.

Mama amefungua macho alfajiri. Nikamshika mkono, nikamwambia, Mama, ni mimi Maisara, nimekuja, nisamehe. Hakugeuka. Nikasema tena, nikataja jina la Baba, la kwako, la mtaa. Mkono wake ulikuwa baridi na hauko kwangu. Muuguzi akaja na sindano. Mama akaukunja mkono kifuani, akaukaza, mtu amelala siku tatu lakini nguvu hizo sijui alizitoa wapi.

Ndipo nikasema kama nilivyofundishwa kule chumba cha magodoro, polepole, bila ukali:

"Mama, ni wakati wa sindano."

Akasema, "Ngoja kwanza."

Hakunitazama, Mjomba. Alikitazama kikabati cha kitandani, palipo na glasi ya maji, upande ambao nyumbani hukaa simu. Nikainama mpaka uso wangu ukawa pale mbele ya glasi. Macho yake yakanipita. Nikasema, "Samahani Mama, ni wakati wa sindano." Akasema, "Nimesema ngoja," na mdomo wake ukafanya kama unataka kucheka.

Nikarudia mara ya tatu. Akautoa mkono.

Muuguzi amefurahi, amesema nije hivyohivyo kila zamu. Jioni mpasuaji atakuja kuuangalia mguu. Mimi nimekaa hapa, nimemwita Mama kwa sauti yangu ya kawaida zaidi ya nilivyoweza kuhesabu, na haitiki. Anamwitika yule tu. Sijui kama anajua nimo chumbani.

Nifanyeje?

Maisara


Nyuma ya karatasi ileile

Mwanangu,

Nimemwambia askari wa lango wa hapa hospitali mimi nimewaingiza Wataliano mahali ambapo hata mkuu wa Ngome hana ufunguo. Hakucheka. Nimemwambia mgonjwa ni dada yangu, tumezaliwa nyumba moja. Akaniambia kila aliye hapa langoni ana dada humo ndani, nikatazama, kweli tumejaa.

Umeniuliza ufanyeje. Mimi mtu wa ushauri, unanijua, hata mtu asiponiuliza. Leo nimeishika kalamu hii ya kuazima mpaka mwenyewe ameniuliza kama nimemaliza.

Nimezunguka nyuma ya jengo. Kuna dirisha lenye pazia la kijani, mama wa usafi amenionyesha kuwa ndilo lenu. Nimesimama chini yake hapa, penye ndoo. Jioni ukifika wakati, usiseme kwa upole ule wa ofisini. Sema kwa sauti ya juu kidogo, na mimi nisikie. Akikuambia ngoja, rudia.

Jaffar